Mwaka Niliolia Bila Huzuni

Kama kila asubuhi unafungua macho kwa vidole kwa sababu kope zimegandamana, na ukitoka nje watu wanakupa pole ya msiba usio nao, basi tuketi pamoja kidogo. Mimi ni fundi wa kushona, naishi Bunia, mtaa wa Nyakasanza, na watu wananiita Mama Grâce. Leo naweza kutunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada, na nimecheka sana tangu nipone, kwa hiyo nadhani wakati wa kusimulia umefika.

Yalianza kiangazi, ule wakati ambao vumbi la Bunia linajiona ndilo lenye mji. Cherehani yangu iko barazani na inaelekea barabara, maana mteja anataka kuona kazi kabla ya kuingia. Pikipiki zikipita, vumbi linafika hadi ndani ya sufuria. Mwanzoni nilihisi mchanga chini ya kope. Nikaosha kwa maji safi, mchanga ukabaki palepale. Nikajitazama kwenye kioo, sikuona chochote isipokuwa wekundu. Kisha mwanga wa mchana ukaanza kunichoma, nikawa nashona nimekunja uso kama mtu anayedai haki yake. Halafu maji yakaja. Upepo ukipuliza kidogo tu, machozi yanatiririka mashavuni na kudondoka juu ya kitambaa cha mteja.

Sasa jipigie picha: mwanamke ameketi kando ya barabara mchana kweupe, anashona huku analia. Huku kwetu mtu hampiti anayelia akaendelea na safari yake. Mamazi wa kanisa, akina mama wenzangu, walikuja na sukari na mfuko wa makala ya kupikia, wakaketi, wakanishika mkono, wakasubiri niseme. Nikasema ni macho tu. Wakatazamana. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba hata yeye, mwaka wa kwanza wa ndoa, alikuwa akisema ni moshi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanamfikiria mume wangu.

Baba Grâce ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayeomba radhi hata akimkanyaga kuku. Lakini mimi na yeye hatutoki kabila moja, na aliyekuwa Bunia miaka ya vita hahitaji nimweleze neno hilo lina uzito gani. Tulioana amani iliporudi, amani ile ya kutembea huku unageuka kutazama nyuma. Familia zote mbili zilikubali kwa shida, na wa mwisho kukubali alikuwa kaka yangu mkubwa, Désiré. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo Désiré ndiye anayesimama mahali pake. Anauza samaki wanaotoka Mahagi-Port, ana sauti nzito, na ananipenda kwa namna ya kumwogopesha mtu. Siku ya mahari alimwambia mume wangu mbele ya wazee wote kwamba siku akisikia dada yake analia, atakuja kumchukua. Hakuwa anatania.

Mtu wa kwanza kuona hatari alikuwa mama mkwe wangu. Anaishi nasi tangu alipokimbia Djugu, mdogo wa mwili, mdomo hauchoki. Alianza kwa kuninyang'anya vitunguu. Tangu siku ile vitunguu vyote vya nyumba alivikata yeye, tena alikwenda kukatia barabarani, ili majirani waone machozi ya kitunguu yanavyofanana na yangu. Aliyeelewa somo hilo ni yeye peke yake. Kisha alinitia machoni maziwa ya jirani aliyekuwa ananyonyesha. Yalinipoza kwa muda mfupi, halafu nzi wakanipenda kwa siku nzima.

Katika zahanati ya kwanza nilipewa dawa ya macho mekundu, nikaimaliza, ikaniacha vilevile. Katika hospitali ya pili niliketi kwenye benchi asubuhi yote. Muuguzi wa macho, kijana mwenye vidole vya baridi, alinitia tone la rangi ya machungwa, akanimulika kwa taa ya bluu, akavuta kiti chake nyuma.

"Mama, macho yako iko makavu."

Nilicheka, na wakati nacheka maji yakamwagika hadi kidevuni. Akaniambia ndiyo hasa shida yenyewe. Jicho likikauka linaumia, likiumia linashtuka, na likishtuka linamwaga maji mengi ambayo hayakai. Yale machozi ya kawaida, ya kulainisha, yalikuwa machache na yalikuwa yanakimbia. Sitajifanya nilielewa zaidi ya hapo. Alinipa kichupa cha machozi ya dukani. Yalinituliza kwa muda wa kunywa chai, kisha mchanga ukarudi. Akasema kuna daktari mkubwa wa macho anayekuja kwa ndege mara chache kwa mwaka, anatia vizibo vidogo sana kwenye tundu la kona ya jicho, pale machozi yanapopitia kuteremka puani. Tundu likizibwa, machozi machache uliyo nayo yanabaki kazini. Lakini daktari huyo alikuwa ameondoka juzi tu. Nisubiri mvua.

Kabla ya mvua alikuja Désiré, na wajomba wawili.

Walikaa sebuleni, wakakataa chai, na huku kwetu chai ikikataliwa ujue mambo yameharibika. Désiré akauliza kwa nini mji mzima unasema dada yake analia. Mume wangu ni mwalimu, na mwalimu anajibu swali kama lilivyoulizwa. Akawaeleza kwa heshima zote kwamba tulikwenda hospitali na wakatuambia macho ya Mama Grâce ni makavu.

Kisha Désiré akanyoosha kidole usoni pangu, ambapo maji yalikuwa yanashuka kwa sababu mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia.

"Mwalimu, siye tuko na macho. Dada yetu iko nalia hapa mbele yetu, na weye unasema macho iko makavu? Unatuchekelea?"

Nikasimama kumtetea mume wangu. Nilisema hajawahi kunigusa, nilisema ananipikia uji nikiumwa, nilisema nampenda, na kadiri nilivyosema ndivyo macho yalivyomwaga. Mjomba mmoja akainamisha kichwa kwa huzuni. Hata mimi, kama ningekuwa nimeketi upande wao, nisingeyaamini maneno yangu. Mama mkwe akakimbilia jikoni kuleta kitunguu cha ushahidi, lakini aliporudi Désiré alikuwa ameshaniambia nifunge nguo zangu. Nitakaa kwake mpaka macho yatulie. Yakitulia kule, basi kila mtu atajua yalikuwa yanalizwa na nani. Grâce angebaki kwa baba yake, kwa sababu ya shule na kwa sababu mtoto ni wa kwao.

Mume wangu hakugombana. Angeweza, na miaka ile ugomvi mdogo kati ya watu wetu na watu wao ulikuwa unapata wasaidizi haraka. Alinibebea begi hadi kwenye pikipiki. Nilikuwa na hasira na wote, naye pia, kwa upole wake. Sikutaka kuwa mke aliyerudishwa kwao kwa ajili ya upepo.

Nyumbani kwa Désiré kuna uwanja wa kufungulia mizigo ya samaki wakavu, na magari ya mizigo yanageuzia palepale. Kama macho yangu yalitafuta mahali pa kuharibikia zaidi, yalikuwa yamepapata. Asubuhi nilikuwa napapasa ukuta hadi kwenye beseni la maji. Mkewe, Furaha, ambaye jina lake linamfaa, alikuwa akiniwekea kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu ya macho mpaka kope ziachane. Nilikuwa nimechukua cherehani yangu, nikaiweka mlangoni pao, nikaendelea kushona na kumwaga.

Wala haukupita muda mrefu. Mamazi wa kanisa la upande ule walikuja na sukari na mfuko wa makala. Waliniuliza kama kaka yangu ananilisha. Waliniuliza kama mkewe ananisema. Jirani wa nyuma akaeneza kwamba Désiré amemtoa dada yake kwenye ndoa ili amshonee nguo bure. Wateja wake wa samaki wakaanza kumwangalia kwa pembeni. Mwisho mchungaji mwenyewe akaja jioni, akanywa chai, akazungumza naye kwa maneno ya kuzunguka juu ya kuwatunza watu wa nyumbani mwako.

Niko nyuma ya pazia na Furaha, tunasikiliza. Tukasikia ile sauti nzito, inayotamka "njo" mahali pa "ndiyo", ikisema:

"Pasta, mi hapana mufanya kitu. Macho yake tu njo inamwanga maji."

Furaha aliketi chini kwa kucheka. Mimi nilishika ukuta. Ulikuwa utetezi uleule wa mume wangu, kwamba ni macho tu, na mchungaji alimtazama Désiré kama Désiré alivyomtazama mume wangu. Mchungaji alipoondoka, kaka yangu alibaki barazani peke yake hadi chai ikapoa. Kisha akaja mlangoni, hakunitazama, akauliza yule daktari wa ndege anafika lini.

Kila Jumapili baada ya ibada mume wangu alikuja na Grâce. Aliketi kwenye benchi la nje kama mgeni, kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie. Aliniletea kichupa kipya cha dawa kila kilipopatikana. Mimi nikijitia mwenyewe nilikuwa nafumba jicho mapema na tone linaishia sikioni, kwa hiyo alinishika kidevu, akaniambia nitazame juu kwenye bati, akanitia taratibu, jicho la kulia kisha la kushoto, halafu akanifuta kwa leso yake. Désiré alikuwa akituangalia kutoka uwanjani huku anajifanya anakagua samaki. Jumapili moja alimtuma Furaha atoe kiti cha sebuleni, kile chenye mito, akiweke pale penye benchi. Mume wangu alikikalia, basi.

Mvua za kwanza zilikuja, daktari hakuja. Milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa Bogoro, na ndege ya watu kama yeye ikasimamishwa. Ndivyo tulivyoishi: unapanga jambo, halafu unasikiliza upepo unatoka wapi. Wiki zile nilichoka kweli. Niliacha kushona nguo za sherehe kwa sababu sikuiamini mishono yangu, nikabaki na viraka vya suruali za shule. Nilijiuliza kama mume atazoea nyumba bila mimi. Nasema hivi kwa ajili ya wewe unayesubiri sasa. Kusubiri ni sehemu ya ugonjwa, tena ndiyo isiyo na dawa.

Kisha hali ikatulia na ndege ikatua. Tulikwenda hospitali sote: mimi, mume wangu, na Désiré aliyesema anakwenda kuona kwa macho yake. Ukumbi wa kungoja ulijaa watu wenye pamba usoni, wengine wametoka mbali. Mzee mmoja aliyefika kwa lori kutoka Niania alinitazama, akavua kofia, akaniuliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni vumbi. Akavaa kofia yake akiwa na mashaka, na hadi nilipoitwa alikuwa akinipigia ishara ya kunitia moyo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, Kifaransa chake kinakimbia. Alinitia dawa ya ganzi, akaning'iniza kipande chembamba cha karatasi kwenye kope ya chini ya kila jicho, akaniambia nifumbe nikae kimya. Alipozitoa, alimwonyesha Désiré. Zilikuwa zimelowa kwenye ncha tu, sehemu iliyobaki kavu kabisa.

Désiré alizigeuza pande zote mbili. Kama mfanyabiashara wa samaki anavyofanya, alitaka kuzilinganisha na za mtu mwingine. Daktari akacheka, akamkalisha kwenye kiti changu, akamtia ganzi, akamning'inizia karatasi mbili. Huyo ndiye kaka yangu, mtu ambaye madereva wa malori wanamsalimia kwa adabu, ameketi wima na karatasi zinamning'inia machoni. Zilimlowa haraka mpaka mwisho, kisha machozi yakaanza kumshuka shavuni. Mume wangu akatoa leso yake, akampa. Désiré akaipokea.

Daktari akasema Désiré ndiye mwenye machozi mengi ya kutosha familia nzima.

Vizibo vya kwanza vilikuwa vya kujaribia, vya kuyeyuka vyenyewe. Alinionyesha kimoja kwenye ncha ya kibano: kidogo kuliko punje ya wimbi. Nilihisi kubonyezwa kwenye kona ya jicho, basi. Sikuamini kwamba kitu kama kile kinaweza kubishana na vumbi la Bunia. Lakini baada ya siku chache niliamka, nikatazama dari, na ndipo nikagundua kwamba natazama. Kope zilikuwa zimefunguka zenyewe. Sikuzigusa. Nilibaki nimelala napepesa macho tu kwa raha, fungua, fumba, kama mtoto aliyepewa filimbi. Siku hiyo nilitunga uzi kwa mara moja, Furaha akanipigia vigelegele jikoni.

Vilipoyeyuka, mchanga ulirudi, na moyo ukanishuka ingawa nilikuwa nimeonywa. Désiré ndiye aliyenituliza. Aliniletea miwani mikubwa ya jua ya kuendeshea pikipiki, nikashona nimeivaa, na mamazi wa kanisa wakasema sasa nimeanza kuficha. Mvua zilipokuwa kubwa daktari alirudi, akanitia vile vya kudumu, laini, visivyoyeyuka. Alinionya nisisugue macho, vinaweza kutoka. Akanionya pia kwamba siku nikilia kwa kweli, machozi hayatakuwa na njia ya kuteremkia, yatanijaa usoni yote. Nisiogope.

Haya ndiyo ninayoweza kukupa, wewe ambaye bado uko kwenye benchi. Usione aibu kusema macho makavu wakati uso umelowa, hata wakikucheka. Vizibo haviumi kama unavyofikiri. Vumbi bado linanisumbua kiangazi, dawa ya kichupa bado naitumia, na cherehani nimeigeuza ubavu kwa barabara. Mpe kazi mtu anayekupenda, hata kama ni ya kukushika kidevu tu, maana naye pia anaumwa na ugonjwa huu akiwa hana la kufanya.

Macho yalipotulia, sikuweza kuchukua begi na kwenda. Mwanamke aliyechukuliwa na watu wa kwao harudi hivyo. Watu wa mume lazima waje kumwomba, na watu wake wakae nao, wasemezane, ndipo wamkabidhi. Kwa hiyo siku moja ya mvua nyepesi walifika nyumbani kwa Désiré, mama mkwe akiwa mbele na kitenge chake kipya. Watu wao upande ule, watu wetu upande huu, na katikati meza yenye chai. Safari hii wote walikunywa.

Niliitwa. Kila mtu alinitazama machoni, bila hata kuficha. Mama mkwe aliinuka, akaja mpaka pua yake ikakaribia yangu, akanichunguza jicho moja kisha la pili, akarudi kuketi, akawaambia watu wake kwamba macho ni mazuri. Mjomba akaniuliza kama mume wangu alikuwa amenitesa. Nikajibu hapana, na macho yangu yalikuwa yametulia tuli. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilisema jambo na uso wangu haukunipinga. Niliona mabega ya watu yakishuka, upande wao na upande wetu.

Nilidhani imekwisha. Lakini Désiré alisimama. Alishika mgongo wa kiti, akamtazama mume wangu, na ile sauti nzito ikawa ndogo.

"Shemeki, mi nilikukosea. Nilisikia watu wanasema, nikaangalia kabila yako, sikuangalia weye. Mbele ya mama yako na ya batu yako yote, unisamehe."

Katika Bunia niliyoijua, sikuwahi kumsikia mtu wa kwetu akimwambia hivyo mtu wa kwao mbele ya watu. Mume wangu alisimama, akamshika mikono yote miwili. Mama mkwe alikuwa ameshaficha uso kwenye kitenge.

Nami nikahisi yanakuja. Hayakuwa ya upepo. Yalipanda kutoka kifuani, yakajaa, na kwa kuwa hayakuwa na pa kuteremkia yakamwagika yote, mashavuni, kidevuni, hadi kwenye blauzi niliyojishonea kwa ajili ya siku ile. Watu wakashtuka. Mjomba akasema kumbe imeanza tena. Mtu akafunga mlango kuzuia upepo, Furaha akakimbilia kichupa cha dawa, na mwingine akauliza kama daktari hajaondoka bado.

Désiré akanyoosha mkono kuwazuia.

"Mumuache," akasema. "Leo njo analia."